Tarakilishi ziko, lakini ufunguo uko na nani?

Hebu nikuulize kitu, na unijibu ukweli. Haya unayoyajua kuhusu kompyuta, ulifunzwa na nani?

Mimi sikufunzwa chuoni. Chuo nilikiacha mwaka wa kwanza, karo ilipogoma kupatikana, na wakati huo tulikuwa bado tunachora tarakilishi daftarini na kuandika majina ya sehemu zake kwa kalamu ya risasi. Nilifunzwa na jamaa wa saiba hapa mtaani. Hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuchapisha barua za kuomba kazi na kuwajazia watu fomu za KRA. Lakini nikikosa pesa za dakika, alikuwa ananiachia mashine ya kona, ile iliyong'oka herufi E kwenye kibodi, mradi nimsaidie wateja wakizidi. Saa tatu usiku anafunga mlango kwa ndani na kuniambia, "Malizia chako, mimi napiga hesabu." Hapo ndipo nilianza kublogu.

Nimekuanzia na jamaa huyo kwa sababu nilimkumbuka sana mwaka jana nikiwa Kakuma. Shirika moja lilikuwa limeniita nikawafunze vijana kuandika kwa ajili ya mtandao. Siku tano, nauli juu yao. Nani angekataa?

Kama hujawahi kwenda, jitayarishe. Unapanda basi hadi Kitale, unapita Kapenguria na Kainuk, unafika Lodwar ukiwa umekunjika kama shati la mtumba, halafu unaambiwa bado kilomita 120 hivi. Na usiamini kila kitu unachosoma kwa Kiingereza kuhusu mahali hapo. Wageni wameandika miaka nenda miaka rudi kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili linalomaanisha "pasipo mahali". Wewe unajua Kiswahili. Ukiipata maana hiyo kwenye kamusi yoyote, nipigie simu nikununulie soda.

Kambi hiyo ilifunguliwa 1992, watoto wa kiume walipowasili kwa miguu wakikimbia vita vya Sudan. Mwaka mmoja kabla, kule Garissa, Dadaab ilikuwa imefunguliwa kwa Wasomali, na kambi zake tatu za kwanza zilipangiwa watu 90,000. Zote zilikusudiwa kuwa za muda mfupi. Leo Kenya ina zaidi ya wakimbizi 800,000, wengi wao wakiwa Dadaab, Kakuma na Kalobeyei iliyo jirani, na kuna watu waliozaliwa humo ambao sasa wanawapeleka watoto wao shule humo humo. Shule zenyewe zinafuata mtaala wetu wa Kenya, mitihani ni ile ile yako na yangu, ila darasa moja linaweza kuwa na wanafunzi zaidi ya mia. Ndiyo maana kila mfadhili anayefika anataka kuleta kituo cha kidijitali. Mwalimu hatoshi, basi tuweke mashine.

Kituo nilichopelekwa siku ya kwanza kilikuwa kitamu kwa macho. Kontena mbili zimeunganishwa na kupakwa rangi ya samawati, paneli za sola juu ya paa, feni ndani, vipakatalishi 24 vipya kabisa. Nilihesabu. Nembo za wafadhili ukutani zilikuwa nyingi kuliko madirisha. Nikajiambia, hawa wasee wametushinda sisi wa Nairobi kwa mbali.

Somo letu lilikuwa lianze saa mbili asubuhi. Tulianza saa nne kasorobo. Ufunguo ulikuwa kwa afisa anayelala kwenye boma la mashirika, na asubuhi hiyo alikuwa na mkutano. Vijana wapatao thelathini walijipanga kwenye kivuli cha kontena wakingoja, na kivuli chenyewe kikawa kinapungua jua likipanda, mpaka wa mwisho wakawa wamesimama juani. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wamezoea. Saa tisa na nusu alasiri tukaambiwa tufunge, kwa sababu gari la wafanyakazi lazima lirudi bomani mapema. Jumamosi kituo hakifunguliwi, Jumapili hakifunguliwi. Na afisa si mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Kifaa kimoja kikipotea, yeye ndiye anayeandika barua ya kujieleza.

Mmoja wa wanafunzi wangu, kijana Mkongomani aliyekuja Kenya akiwa mdogo, aliniona nimekunja uso. Yeye shule huiita "masomo", kama wanavyosema kwao. Akaniambia, "Ndugu, hapa hatukosi mashine. Hapa tunakosa saa."

Halafu akaniuliza kama ningependa kuona masomo yake yeye.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo na mabati, chumba kimoja kikubwa, kinachoendeshwa na wakimbizi wenyewe. Vipakatalishi saba, na viwili kati yavyo skrini zimepasuka. Meza zilikuwa milango ya zamani iliyolazwa juu ya mawe. Mchana wanatumia paneli moja ya sola iliyofungwa kwenye betri ya gari, jioni wananunua umeme kwa mfanyabiashara mwenye jenereta. Bando hakuna. Na chumba kilikuwa kimejaa hadi wengine wamekalia mitungi ya maji! Mzee mmoja wa makamo alikuwa anafanya hesabu za sehemu huku mtoto wa kama miaka kumi akimsahihisha. Ufunguo wa mlango ulikuwa umening'inia shingoni mwa yule kijana kwa kamba ya kiatu. Anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Ukigonga, anakuja.

Sasa utauliza, bila intaneti walikuwa wanasoma nini?

Kwenye rafu kulikuwa na kadude kadogo kanakoingia kiganjani, kanaitwa Raspberry Pi. Ni kompyuta kamili, ila haina skrini, na inakula umeme wa wati chache tu. Ndani yake wameweka programu inayoitwa Kolibri. Kadude hako kanatoa waifai yake, isiyotoka nje ya mtaa huo. Unaunganisha simu au kipakatalishi, unafungua kivinjari kama kawaida, na unakuta video za hesabu, mazoezi yanayojisahihisha yenyewe, vitabu vya hadithi, masomo ya sayansi. Hutumii hata kilobaiti moja ya bando. Mtu akienda mahali penye mtandao wa nguvu, anapakua masomo mapya kwenye diski, anarudi nayo kwenye basi, na kijiji kizima kimepata.

Kolibri ina mama yake aliyeitwa KA Lite, programu iliyotolewa 2012 na vijana wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, waliotaka video za Khan Academy ziwafikie watu wasio na intaneti. Ina binamu anayeitwa Kiwix, ambaye kazi yake kubwa ni kubeba Wikipedia. Wikipedia yote ya Kiingereza, pamoja na picha, inaingia kwenye takriban gigabaiti 100. Huenda simu yako ina nafasi hiyo sasa hivi, na umeijaza video za watu wakianguka kwenye harusi. Sikuhukumu. Yangu pia.

Siseme kwamba mashirika makubwa yanacheza. Vodafone Foundation na UNHCR walianzisha mwaka 2013 mradi wa Instant Network Schools, unaopeleka shuleni vishikwambi, projekta, umeme wa sola na mtandao, pamoja na mafunzo kwa walimu, na Dadaab na Kakuma zimo. Hapa kwetu BRCK, kampuni ya Nairobi, ilitoa 2015 sanduku gumu lisiloingia maji lenye vishikwambi 40 vinavyochaji humo humo ndani. Pia Dadaab, tangu 2013, vyuo vya Kenyatta na Moi vilishirikiana na vyuo vya Kanada kuwawezesha walimu wakimbizi kusoma shahada bila kutoka kambini. Kwa hivyo ujuzi upo. Pesa pia, angalau wakati fulani, zilikuwepo.

Kinachonikera ni kwamba tunaendelea kurudia kosa lile lile la kudhani kifaa ndicho shule. Mwaka 1999, huko New Delhi, msomi aitwaye Sugata Mitra alitoboa ukuta wa ofisi yake na kuweka kompyuta upande wa mtaa wa mabanda, watoto wakajifunza kuitumia bila mwalimu. Dunia nzima ilishangilia. Watafiti waliorudi baadaye kwenye vibanda vya aina hiyo walikuta vingine vimeachwa, havifanyi kazi. Peru ilinunua zaidi ya vipakatalishi 800,000 kwa ajili ya watoto, hasa wa vijijini, na utafiti uliotolewa 2012 haukupata tofauti yoyote katika alama zao za hesabu na lugha. Na wewe unakumbuka zetu. Ahadi ya 2013 ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ikageuka vishikwambi vilivyoanza kugawanywa 2016, zaidi ya milioni moja, na katika shule nyingi vikafungiwa kabatini kwa sababu mwalimu mkuu anaogopa vitaibwa vikiwa mikononi mwake. Uliza mdogo wako aliguswa na kishikwambi mara ngapi. Uliza tu.

Rudi na mimi kwenye kile chumba cha udongo, maana kuna kitu ukutani nataka ukione. Ni ratiba, imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye upande wa ndani wa katoni ya mafuta ya kupikia. Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi, ni wasichana peke yao. Mlangoni siku hizo hukaa mama mmoja Msudan Kusini na stuli yake, anasuka mikeka, na hakuna mvulana anayepita. Nilipouliza kwa nini saa nane, msichana mmoja alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Asubuhi ni foleni ya maji. Kisha ni kupika. Jioni kuna kupika tena, na kutembea gizani hakuna mzazi atakayekubali. Nafasi pekee aliyo nayo kwa siku ni hizo saa mbili. Kule kwenye kontena la samawati, mlango ulikuwa wazi saa hizo hizo, ila wavulana walikuwa wamejaa tangu asubuhi na hakuna aliyewahi kuwaambia wapishe.

Jambo lingine ni lugha. Watoto wengi waliotoka Congo na Burundi walikuwa wamezoea Kifaransa shuleni. Wanafika Kenya, mtaala ni wa Kiingereza. Video nyingi kwenye mashine ni za Kiingereza, na cha Kimarekani kwa hiyo, mtu anazungumza haraka kama makanga wa Rongai. Kwa hivyo yule kijana husimamisha video kila baada ya sentensi mbili na kueleza upya kwa Kiswahili chake cha Bukavu. Anayesikiliza ni Mrundi, ni Msudan Kusini aliyejifunzia Kiswahili kambini, na ni vijana wawili Waturkana wanaotembea kutoka nje ya kambi kwa sababu kijijini kwao hakuna kitu kama hicho. Wote wanaelewa. Mimi mwenyewe kuna maneno yalinipita, lakini hesabu niliielewa, na hesabu ilikuwa imenishinda tangu kidato cha pili.

Vitu vya Kiswahili vipo, vichache. Kuna katuni za Ubongo Kids kutoka Tanzania, zinazofunza hesabu kwa nyimbo. Kuna hadithi za African Storybook, ambazo utazipata kwa Kiswahili na hata kwa Kiturkana. Lakini tafuta somo la kemia ya kidato cha tatu kwa Kiswahili uone utakavyohangaika.

Hao Waturkana wawili nimewataja kwa makusudi. Muulize mwenyeji yeyote wa Turkana Magharibi, atakwambia wageni wana vituo vya afya na kompyuta ilhali mtoto wake anatembea kilomita kadhaa kuchota maji. Hasemi uongo. Kalobeyei ilianzishwa ikiwa na wazo kwamba wakimbizi na wenyeji watumie huduma pamoja, na Mpango wa Shirika ambao serikali ilizindua Machi 2025 unataka kambi zote zielekee huko. Serikali hiyo hiyo imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi nchini. Turkana imo, Garissa imo, na wadi yako imo pia. Nikisikia idadi hiyo sasa nauliza swali moja tu. Vitafungwa saa ngapi?

Maana anayeshika mlango lazima ale. Hapa ndipo mambo yanauma. Mkimbizi nchini Kenya haajiriwi hivi hivi, anahitaji kibali cha kazi, na kukipata ni mlima. Kwa hivyo wakimbizi wanaofundisha au kusaidia kwenye miradi ya mashirika hulipwa posho, iliyo chini kabisa ya mshahara ambao Mkenya angelipwa kwa kazi hiyo. Yule kijana wa ufunguo hapati hata hiyo posho, kwa sababu chumba chake hakiko chini ya mradi wa mtu. Alikuwa anaishi kwa mgao wa chakula kama wengine. Halafu mwaka 2025 pesa za misaada zikakatwa, mgao ukapunguzwa vibaya, watu Kakuma wakaingia barabarani kuandamana. Sasa anatengeneza simu sokoni kuanzia asubuhi hadi jua lizame. Chumba kinafunguliwa akirudi, kama hajachoka, na kama kuna pesa ya jenereta. Saa za wasichana zimebaki kwa sababu yule mama wa stuli ameomba awe na ufunguo wa pili. Hajui kusoma. Anafungua, anakaa, anafunga.

Usifikirie kwamba kijana hajajaribu kutafuta pesa kwa ujuzi alio nao. Anajua Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Kinyarwanda. Alijifunza kuweka maandishi ya tafsiri kwenye video, na sampuli zake nimeziona, ni safi. Aliomba kazi kwenye tovuti moja ya kimataifa, akafaulu jaribio, akafika kwenye ukurasa wa kuthibitisha yeye ni nani. Chagua kimoja: pasipoti, kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva. Yeye ana kadi ya mkimbizi, halali, iliyotolewa na serikali ya Kenya. Haikuwemo kwenye orodha. Akapakia picha yake hata hivyo. Jibu lilikuja baada ya dakika nne, na kwa jinsi lilivyoandikwa, hakuna binadamu aliyeisoma kadi.

Aliniuliza kama anaweza kutumia jina langu. Nilichukua siku mbili kumjibu, na jibu langu lilikuwa hapana, kwa sababu wakigundua wanafunga akaunti ya kila mtu na mimi ndiyo riziki yangu. Sijivunii. Nakwambia tu kwa sababu ni rahisi kuandika makala marefu kuhusu ufunguo wa afisa fulani, wakati wako uko mfukoni.

Tulichokubaliana badala yake ni kidogo. Kuna dada yetu mmoja wa mtaani anayesafiri kwa basi hadi Kakuma Ijumaa ya wiki ijayo kuwaona watu wake. Nimempa diski ya terabaiti moja. Nimeshaweka Wikipedia ya Kiswahili, katuni za Ubongo, hadithi za Kiturkana, na mitihani ya zamani ya KCSE. Jamaa wangu wa saiba, ambaye siku hizi anauza vifuniko vya simu mahali pale pale, amechangia chaja mbili na kibodi moja. Nimeikagua, E ipo.

Diski bado ina nafasi kubwa. Kama wewe unajua kemia, fizikia ama hesabu ya kidato cha tatu, na unaweza kueleza mada moja kwa Kiswahili cha kawaida, jirekodi kwa simu. Dakika tano zinatosha, sauti iwe safi, televisheni izimwe. Andika kwanza kwenye karatasi ile fomula, uishike mbele ya kamera. Usianze na salamu za dakika mbili. Nitumie kabla ya Jumatano usiku, maana Alhamisi ndiyo siku ya kunakili.